Watoto wa Mwongeli Walioiimba 'Sol' Iliyopotea

Saa mbili na nusu asubuhi. Katika chumba chenye paa la mabati, pembeni mwa barabara ya Ukunda kwenda Msambweni, watoto ishirini na wanne wanatembea juu ya mstari mweupe uliochorwa sakafuni. Kila mmoja ameshika kengele ndogo. Sheria ni moja tu: kengele isilie.

Nje, bodaboda zinapiga honi na muuza maji anagombana na gurudumu la mkokoteni wake. Ndani, mtoto wa miaka minne ametoa ncha ya ulimi kwa jinsi alivyokaza akili. Anazunguka mstari wote, anafika mwisho, anailaza kengele juu ya mkeka bila kutoa hata mlio mmoja. Kisha anaruka juu kwa furaha.

"Haya, sasa masikio yamefunguka," anasema mwalimu wao, Mwongeli Kivuva, kwa sauti ya chini.

Anabonyeza kitufe cha spika iliyo dirishani. Fidla moja inaanza kulia, ya pili inaijibu. Ni muziki ulioandikwa Ujerumani karibu miaka mia tatu iliyopita. Mbele ya kila mtoto kuna kikapu chenye kitambaa cha hariri, kifuu, jiwe la matumbawe na unyoya wa kuku. Sauti inapokuwa nyororo, mikono inaingia kwenye hariri. Selo, ile fidla kubwa yenye sauti nzito, inapoingia, karibu wote wanashika jiwe kwa wakati mmoja.

Hakuna aliyewaambia washike nini.

"Mtoto wa umri huu anajua kitu kwa kukishika," anaeleza Mwongeli, mwenye umri wa miaka thelathini na sita. "Ukimwambia 'hii ni sauti nzito', umempa neno. Ukimpa jiwe, amepata sauti yenyewe."

Mwongeli alizaliwa Shimba Hills, kwa wazazi waliotoka Machakos kuja kulima kwenye ardhi ya makazi. Baba yake, Mzee Musyoki, aliongoza kwaya ya kanisa na alikuwa na chati ya do-re-mi iliyoandikwa kwa mkaa nyuma ya gunia la mahindi. Kila Krismasi kwaya ile iliimba nyimbo kubwa za Ulaya kwa Kikamba, sauti nne, bila ala yoyote.

"Nilikua nikidhani zile nyimbo zimetungwa Machakos," anasema na kucheka.

Alisomea ualimu wa chekechea Mombasa. Huko, siku moja, mkufunzi alifungua sanduku la kengele za Montessori, mfumo unaomwachia mtoto ajifunze kwa mikono yake mwenyewe. Kengele zilikuwa zimesimama mezani kwa safu, kila moja na sauti yake. Mwongeli alizigonga moja baada ya nyingine.

"Niliona do-re-mi ya baba imekaa mezani. Naweza kuinyanyua, naweza kuihamisha. Nilijiambia, hiki ndicho nitakachofundisha."

Haikuwa rahisi. Alipoajiriwa katika chekechea ya Winrose Muange hapo Ukunda, aliuliza bei ya kengele kama zile. Zingekula mshahara wake wa mwaka mzima na bado usitoshe. Akaanza na alichonacho. Vikopo vya plastiki alivitia mchanga, mchele, kunde na kokoto, viwili viwili, ili watoto wavitikise na kutafuta vinavyofanana. Kwa kengele akatumia chupa za soda zilizotiwa maji kwa vipimo tofauti.

Joto la Ukunda halikumwacha. Maji yalipungua, na chupa iliyopungua maji hupandisha sauti. Kufikia Alhamisi, 'fa' ya Jumatatu ilikuwa imeshakuwa kitu kingine.

"Halafu siku moja mwanafunzi wangu, Fondo, akashikwa na kiu, akanywa 'la' yote," anasema. "Nilicheka hadi machozi. Lakini nikaona hapa lazima nipate chuma."

Chuma akakipata Kona ya Musa, kwenye karakana ya Sanga Chome, fundi wa kuchomelea madirisha na milango. Sanga anatoka Taru, ambako alichunga ng'ombe tangu utotoni.

"Mwalimu alikuja akaniambia anataka mabomba yanayoimba," anakumbuka Sanga. "Vijana hapa wakacheka. Mimi sikucheka. Kwetu ng'ombe ukimpoteza kichakani, unamtafuta kwa kengele yake. Namjua wa kwangu na wa jirani kwa mlio tu. Nikamwambia, mwalimu, kaa hapo, tujaribu."

Walijaribu kwa muda mrefu. Sanga alikata, Mwongeli akaimba sauti anayoitaka huku programu ya kupima sauti kwenye simu yake ikimthibitishia. Ukikata bomba likawa fupi, sauti hupanda, na chuma hakirefuki tena. Mabomba mengi yaliharibika na kuishia kuwa nguzo za vitanda. Hatimaye manane yalitundikwa kwenye fremu ya mbao kwa mshipi wa kuvulia samaki: do, re, mi, fa, sol, la, si, na do ya juu.

"Siku tuliyomaliza, mama mmoja aliyekuja kuchukua mlango wake alisimama pale hadi mwisho," anasema Sanga. "Akasema, 'Fundi, mimi nitangoja. Gongeni tena.'"

Wazazi ndio hawakufurahi.

Mwaka wa kwanza, watoto kumi na mmoja waliondolewa shuleni katika muhula mmoja. Sababu ilikuwa ile ile: watoto wa jirani wanaandika madaftari yanajaa, wetu wanatikisa vikopo. Aliyesema kwa sauti zaidi alikuwa Mbwana, dereva wa tuktuk, ambaye binti yake Mwanasiti, wa miaka mitano, alikuwa bado darasani.

"Sikumficha," anakiri Mbwana, akiwa ameegemea tuktuk yake. "Nilimwambia, mwalimu, kwa heshima zote, mimi nimemleta mtoto asome. Sikumleta agonge vyuma."

Wengine walikuwa na wasiwasi wa dini. Mwongeli alikwenda mwenyewe kwa maalim wa madrasa ya jirani, ambako wengi wa watoto wake husoma alasiri. Alipiga hodi, akatoa salamu, akamwomba aje aone kabla ya kuhukumu. Maalim akaja. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, akatazama mchezo wa kimya, ule wa kengele zisizolia, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Aliniambia, 'Mwalimu, mambo ya ala mimi na wewe hatutakubaliana yote,'" anasimulia Mwongeli. "'Lakini mtoto anayejua kunyamaza na kusikiliza, huyo nami namtaka. Ila Ramadhani, nakuomba, uyapumzishe mabomba.' Nikamwambia, 'Nimekubali, maalim.' Na hadi leo, Ramadhani yote tunacheza kimya, tunatembea mstari, tunasikiliza ndege na mvua."

Hata hivyo Winrose, mwenye chekechea, alikuwa anahesabu viti vitupu. Akamwita Mwongeli ofisini.

"Nilimpa muhula mmoja," anasema Winrose bila kuzunguka. "Nilimpenda, lakini ningefunga shule. Nilimwambia, wazazi wakizidi kuondoka, hayo mabomba yarudi kwa fundi na tushike chaki kama wengine."

Mwongeli anasema siku hiyo alikwenda nyumbani akalala na viatu. Asubuhi alipoamka aliamua kuwaita wazazi waje Jumamosi, si kwa mkutano, bali kwa darasa. Wakaja wachache. Akawakalisha mikekani, akawapa vikopo, akawaambia walinganishe kwa masikio tu. Mbwana alilinganisha mchele na mchanga, akasisitiza yuko sawa. Mwanasiti, aliyekuja naye, akavichukua vikopo vyake taratibu, akavipanga upya.

Mbwana alitoka hajaridhika. Kilichomgeuza kilitokea wiki iliyofuata, barabarani.

"Nilikuwa nampeleka shule asubuhi. Akaniambia, 'Baba, tuktuk yaimba chini kuliko jana.' Nikamwambia, nyamaza, ni ile ile. Akasema, 'Jana ilikuwa mi. Leo iko chini, na yakwaruza.' Kesho yake akarudia. Basi nikaenda kwa fundi wa tuktuk ili mtoto anyamaze tu. Fundi akafungua gurudumu la nyuma, akanionyesha beringi imekwisha kabisa. Akaniuliza, 'Bwana, umeendaje Msambweni na kitu hiki?' Wallahi, nilikaa chini."

Siku hiyo hiyo Mbwana alipita chekechea na katoni ya maziwa kwa watoto wote. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba kwa wale wazazi walioondoa watoto wao, akiwasimulia habari ya gurudumu. Kabla muhula haujaisha, watoto tisa kati ya kumi na mmoja walikuwa wamerudi.

Winrose hakuyataja mabomba tena.

Novemba iliyopita, kundi la wapigaji wanne wa fidla na selo kutoka Nairobi lilitangaza onyesho la mchana katika hoteli moja ya Diani. Mwongeli akampigia simu mratibu, Cynthia, akiomba nafasi kwa darasa lake. Jibu likawa la mara moja: watoto wa chini ya miaka kumi hawaruhusiwi.

"Nilimwambia, aki mwalimu, hao ni wadogo sana, watalia, watakimbia," anasema Cynthia. "Akaniambia tu, 'Njoo kwanza uwaone.' Nilienda nikiwa na haraka zangu. Nikawakuta wanatembea na hizo kengele. Simu yangu ikalia, na darasa lote likanigeukia. Niliizima."

Cynthia aliwakubalia kwa sharti moja: wakae karibu na mlango, na kelele ya kwanza iwe ndiyo ya mwisho. Lakini alikuwa na ombi pia. Watoto walete mabomba yao, na mwisho wa onyesho wagonge wimbo mfupi, wapigaji wakiwasindikiza. Mwongeli alitunga wimbo huo kwa sauti zao zote nane, nao walifanya mazoezi wiki tatu.

Siku ilipofika, mabomba yalipakiwa kwenye tuktuk ya Mbwana. Walipofika hotelini, Mwongeli akainua kitambaa kilichoyafunika, akayahesabu. Mshipi mmoja ulikuwa umekatika. Bomba la 'sol' halikuwepo.

"Nilirudi nyuma mbio hadi barabara kuu," anasema Mbwana. "Nilitafuta kila tuta. Halikuonekana."

Karakana ya Sanga ilikuwa imefungwa, naye alikuwa ameshafika ukumbini akiwa amevaa shati jipya, mikono mitupu. 'Sol' ndiyo sauti iliyorudi mara nyingi zaidi katika wimbo wote. Bila hiyo, wimbo ulikuwa na matundu. Mwongeli akawachuchumalia watoto kule nje, kwenye maegesho, akawaambia kwamba watasikiliza tu, hawatagonga.

Mwanasiti akamtazama. "Mwalimu, sol twaijua."

"Twaijua wapi, mwanangu?"

"Hapa," akasema, akigusa koo. "Tutaiimba."

Akaiimba palepale. Mwongeli akafungua simu, akapima. Ilikuwa sawasawa.

Ndani, watoto walikaa karibu na mlango kwa dakika arobaini na hakuna aliyesimama. Mikono yao ilikuwa inatembea magotini, ikitafuta hariri na jiwe visivyokuwepo. Kisha Cynthia akawaita mbele. Wageni wakatabasamu vile watu wazima wanavyowatabasamia watoto, na baadhi wakainua simu.

Watoto saba wakashika nyundo zao, mmoja kwa kila bomba. Waliobaki wakasimama nyuma wakiwa na Mwanasiti. Do. Mi. Kisha, mahali pa bomba lililopotea, sauti za watoto kumi na saba ziliingia pamoja, fupi na safi, zikakoma. Chuma kikajibu. Sauti zikaingia tena. Mpiga selo aligeuka kuwatazama, na fidla zikapunguza sauti kabisa ili kuwapisha.

Waliimba 'sol' kila ilipohitajika, wakanyamaza kila isipohitajika. Wimbo ulipoisha, watu wote wakasimama. Sanga alikuwa analia wazi wazi. Mbwana alipiga vigelegele, jambo ambalo mkewe anasema hajawahi kulisikia kwake tangu waoane.

"Watu waliniuliza baadaye, wazo lile la kuimba pengo tulilipata wapi," anasema Mwongeli. "Nikawaambia, tulilipata kwenye maegesho."

Cynthia ameondoa sharti la umri katika maonyesho yake yote. Mpiga selo hurudi Ukunda kila muhula, naye huwaruhusu watoto waweke viganja kwenye ubao wa ala wakati anapopiga, wasikie muziki ukipanda mkononi. Chekechea sasa ina watoto arobaini na mmoja na chumba cha pili kinajengwa. Sanga ameshatengeneza seti tano nyingine za mabomba. Moja ilivushwa kwa mashua hadi Mkwiro, kijiji cha kisiwani, ambako walimu wawili waliokaa wiki moja na Mwongeli wameanza darasa lao.

Mwongeli mwenyewe bado anafika kabla ya watoto, anafagia, anachora upya mstari uliofutika kwa nyayo. Anapoulizwa anataka nini baada ya hapa, hasiti.

"Nataka okestra. Ya watoto wa Kwale, wa pwani na wa bara, si ya kuazima," anasema. "Wanangu hawa wana miaka mitano, mitatu. Nina miaka mitano ya kutafuta fidla. Nimeshaandikia watu wengi, na wawili wamejibu. Wakifika umri wa miaka kumi, nataka waingie chumbani wakute viti vimepangwa na ala juu ya kila kiti."

Ni asubuhi nyingine, kabla ya darasa, na mlango unagongwa kidogo. Mtoto wa kwanza wa siku amefika, ameshika viatu mkononi ili asifanye kelele.

"Shikamoo, mwalimu," ananong'ona.

"Marahaba, baba. Ingia."