Viatu vya Kuingilia Mikokoni

Mwaka 1994, nikiwa na miaka thelathini na mbili, ganda la chaza lilinipasua unyayo wa mguu wa kulia kwenye mikoko, mlangoni mwa mto Ruvuma. Shida zangu nazianzia hapo. Mume alikuwa ameshavuka kwenda Msumbiji kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo huko huko. Mimi nikabaki na watoto watatu na mguu unaotoa usaha. Ulipona vibaya. Kovu likawa laini kama shavu la mtoto, nikikanyaga mzizi naona nyota mchana.

Na kazi yangu ilikuwa kaa. Maji yakipwa naingia mikokoni, nanunua kwa wavuaji, nawafunga magando kwa ukindu, nawapanga kwenye tenga na majani mabichi, najitwisha, halafu mbio. Sisemi kutembea, nasema mbio. Kaa aliyekufa hana mnunuzi, na gari la kutoka Kilambo halikuwa na subira. Kwanza tope la kufika gotini, kisha mchanga, kisha majaruba ya mpunga, mwisho kilima cha udongo mwekundu wenye changarawe mpaka barabarani. Njia moja, ardhi nne. Wewe uliyesoma niambie, hapo unavaa kiatu gani?

Kila mtu alisema gambuti. Nilivaa mara moja. Tope likashika la kushoto, nikavuta, mguu ukatoka mtupu. Gambuti liko huko mpaka leo, labda kaa wamehamia. Nikavaa katambuga za tairi. Ngumu, sikatai, ila kwenye tope zinateleza kama sabuni. Raba mtoni, vile viatu vyepesi vya kamba, zikanivusha wiki mbili, mizizi ikazitoboa. Nilikuwa silali vizuri kwa ajili ya viatu. Mtu akipita namwangalia miguu kabla ya uso.

Mwaka 1998 mnunuzi mmoja wa Ufukoni, kule mjini, aliyekuwa akisafirisha kaa Dar es Salaam, akasema anataka mtu mmoja tu wa kumletea kutoka upande wetu. Atapima siku tatu za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Atakayefikisha kaa hai wengi siku nyingi kuliko mwenzake, ndiye. Tuliojitokeza ni wawili: mimi na shemeji yangu, mdogo wake yule aliyevuka mto. Shemeji hakuwahi kuvaa kiatu, nyayo zake zenyewe tairi.

"Shemeji, kaa nyumbani ubangue korosho," aliniambia mbele za watu. "Tope halitaki watu wa viatu. Nikishapata kazi nitakuajiri unibebee tenga."

Nilijua hatanii. Akishinda, nitabeba tenga lake mpaka uzee.

Nikaenda Magomeni ya mjini kwetu, si ya Dar es Salaam, kwenye mitumba. Nilikwenda jioni makusudi, miguu imevimba kwa mwendo, maana kiatu cha asubuhi kinakubana mchana. Tope la kwetu nilibeba kwenye mfuko wa nailoni. Nikachagua kiatu, nikakipaka tope, nikakikung'uta. Meno ya soli yaliyobanana yanaganda nalo, nikatupa. Kingine nikamimina maji ndani nione yanatokaje.

Muuzaji akaruka. "Dada! Unanunua kiatu au chujio la tui?"

"Chujio. Lete jingine."

"Chukua hiki cheupe basi, kinapendeza. Hicho cha kiume, tena kimepauka."

"Huko ninakokwenda nani ataniangalia miguu, kaa?"

Nilichukua kilichopauka. Meno marefu yaliyoachana, kitambaa cha matundu, soli ngumu, kamba za kukazwa mpaka kifundoni.

Siku ya kwanza nilimshinda shemeji. Siku ya pili akanishinda. Jioni ile viatu vimelowa chapa, na mimi moyo hautulii, nikaviweka karibu na moto wa maganda ya korosho. Mtu aliyekulia Nanyamba kwenye mikorosho! Najua fika mafuta ya maganda yale yanavyowaka na yanavyobabua. Haraka tu. Nilipogeuka, soli ya kulia imeachama kama mdomo wa changu.

Siku ya tatu nikaifunga kwa ukindu wa kufungia kaa. Ilistahimili tope, ikastahimili mchanga, ikanitoka majarubani. Kilima nilikipanda na kovu wazi juu ya changarawe, damu inatoka, tenga kichwani. Niliposikia gari linaunguruma nikajua yamekwisha.

Halikuondoka. Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya pikapu anapiga bodi kwa kiganja. "Dereva, ngoja! Yule shemeji yangu anakuja!" Dereva anatukana, yeye anapiga tu. Nilipofika akanipokea tenga, akaangalia mguu wangu. "Si nilikwambia ubangue korosho?"

Ufukoni tukafungua. Wangu wote hai. Wake wa chini kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Alitupa majani njiani apate wepesi, na tenga lake lilikaa juu ya bati la pikapu lililochomwa na jua muda wote aliokuwa akimzuia dereva.

Mnunuzi akanichukua mimi. Mimi sikumwambia kilichowaua kaa wa shemeji. Ningeweza kusema. Kazi ile niliitaka, nikaichukua. Watu husema nimejijenga mwenyewe, na ni kweli, miguu iliyokimbia ni yangu. Lakini kila nikisikia mtu anapiga bodi la gari, nasimama.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba vinne. Nina mikorosho arobaini Nanyamba, majokofu mawili, pikipiki moja. Nina jozi tano za viatu vya mikokoni, navikausha kivulini. Moja ni kubwa, ya kiume, haijavaliwa. Nimempelekea shemeji mara mbili, amenirudishia mara mbili.