Nilipofanywa Mfano wa Ibada ya Kweli

Jumapili ile nilitoka zamu ya usiku zahanatini, nikaenda moja kwa moja kanisani kwetu Mkoani, ambako Wakristo tu wachache na asiyekuja huonekana. Nilikuwa hoi. Tulipoambiwa tupige magoti, nikalaza kichwa kwenye benchi, usingizi ukanichukua. Wenzangu waliinuka, mimi nikabaki.

Baadaye niliambiwa kwamba Mchungaji alininyooshea mkono akasema, "Mtazameni Dada Neema. Kuabudu kwa kweli ni huku, mtu kujisahau mbele za Mungu." Kina mama wakaanza kufuta machozi.

Kisha akaja kuniinamia, akanigusa bega. "Dada Neema, Bwana anakuita."

Nikamjibu kwa sauti kubwa, macho nimefumba, "Mwambie akae foleni kama wenzake."