Mkwe Kwenye Meza ya Eksirei

Siku nne za wiki napiga eksirei hospitalini Muleba. Ijumaa naenda Bukoba kufundisha kazi hiyohiyo katika chuo kidogo cha afya. Nilianza kwa kumshikia mwenzangu aliyekuwa likizo ya uzazi. Alirudi, nami nikabaki, maana nilishaipenda Ijumaa kuliko siku nyingine zote.

Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi mmoja mtu mzima, baba wa watoto wawili, aliyepanga chumba mtaa wa Kashai, hapo Bukoba. Darasani alikuwa mzuri sana. Tatizo lake lilikuwa kumshika mgonjwa. Alimwelekeza kwa maneno tu, "sogea kidogo, geuka kidogo," mpaka mgonjwa anachoka, nami naacha chai yangu ipoe nikienda kumshikia.

Ijumaa moja tulikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika chumba cha eksirei cha hospitali ya Bukoba, akaletwa mama mmoja kutoka Kashozi. Alikuwa ameteleza shambani kwenye migomba, akaangukia nyonga. Mwanafunzi wangu alipomwona alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mwalimu, huyu ni mkwe wangu," alininong'oneza. "Ndiye aliyemzaa mke wangu. Siwezi."

Nilimwelewa. Kwetu mkwe humsogelei ovyo, sembuse kumshika nyonga. Nikamwita msichana mmoja wa darasa lake achukue nafasi. Kumbe yule mama alikuwa amesikia.

"Binti yangu kila siku ananisifia mumewe," alisema, macho yakiwa darini. "Mwalimu, mwambie anipige hiyo picha. Nimekuja kutibiwa, sikuja harusini."

Tulicheka sote. Yeye pia alicheka, ingawa kucheka kulimuuma.

Mwanafunzi akasogea mezani. "Mama, samahani. Naomba nikushike hapa."

"Shika, waitu," alijibu, kwa neno la heshima la Kihaya.

Mama akageuzia uso ukutani. Mkwewe naye hakuinua macho. Alipapasa polepole mpaka akaupata mfupa, akaunyoosha mguu kwa uangalifu, akaelekeza taa ya mashine mahali pake. Mimi nilisimama tu, mikono nyuma.

Picha ilitoka safi kabisa. Daktari aliitazama akasema hakuna kilichovunjika, ni misuli imeumia.

Walipokuwa wakimsukuma nje kwenye kiti cha magurudumu, mama alimuuliza mkwewe lini atawaleta wajukuu Kashozi. Akajibu, "Jumapili, mama," kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akachukua karatasi iliyofuata, akaenda mlangoni kumwita mgonjwa mwingine, akamshika mkono hadi mezani. Nikaketi pembeni nikinywa chai yangu ikiwa bado ya moto.