Buni za Shahada ya Pili

Kaka yangu alipokuja Izimbya kututangazia kwamba anataka kusoma shahada ya pili, mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka shuleni, mikono ina chaki na miguu ina tope la shamba la shule. Miaka ile ya Ujamaa mwalimu wa msingi alishika jembe kuliko alivyoshika kitabu. Yeye alikuwa amevaa suti ya kijivu ya mikono mifupi, kama wakubwa wa serikali, na viatu vyake vilikuwa vimeng'arishwa. Niliviangalia viatu vile kabla sijamwangalia usoni.

Nilimwonea wivu, sina sababu ya kuficha. Tulianza shule siku moja, tukakaa dawati moja, na hesabu nilimzidi. Lakini ada ya sekondari ilitosha mtoto mmoja, akapelekwa mkubwa. Mimi nikaenda ualimu wa shule ya msingi, nikarudi kufundisha kijijini na kukata migomba ya Taata, baba yetu.

Wazee wa ukoo waliitwa Jumapili baada ya misa ili wajue masomo hayo yatagharimu nini. Kaka alikuwa na karatasi yake, ameipanga vizuri, akaanza kusoma. Taata, ambaye hakujua kusoma, akamwambia aiweke mfukoni. Akamwomba Mama bakuli la kahawa ya kutafuna, zile buni tunazochemsha na majani na kuzikausha kwa ajili ya wageni, akasema kila gharama itawekewa buni yake kwenye mkeka, kila mtu aione.

Chuo kikuu kilikuwa cha serikali, kwa hiyo ada, chumba na chakula havikuwekewa kitu. Buni ya kwanza ilikuwa nauli: lori hadi Bukoba, meli hadi Mwanza, kisha garimoshi hadi Dar es Salaam. Ya pili ilikuwa vitabu. Ya tatu ilikuwa ya kupigisha chapa tasnifu, na hapo kaka alitumia muda mrefu kueleza tasnifu ni kitu gani na kwa nini mtu hawezi kuiandika kwa mkono. Ya nne Taata aliiweka mwenyewe, taratibu. Kaka alikuwa na kazi ofisini, na kila mwezi alituma nyumbani fedha iliyomsomesha mdogo wetu wa kike. Akiwa mwanafunzi angepata posho tu, na posho haifiki Izimbya.

Katikati ya hesabu baba mdogo, aliyekuwa ametoka Ngenge tangu alfajiri na njaa yake, akanyoosha mkono bila kufikiri akaitafuna nauli. Watu walicheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Taata akaweka buni nyingine na kumsogezea mdogo wake bakuli mbali na mkeka.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa naungoja mkeka ule ufike kwangu, na haukufika. Taata mgongo ulikuwa umeshamshinda, na kibanja chetu, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, hakijilimi. Nani angepalilia, nani angetandaza nyasi, nani angechuma kahawa ambayo ndiyo ingelipa hizo buni zote nne? Niliuliza. Mjomba mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Si wewe upo?" Kumbe mimi nilikuwa kama ada ya serikali, kitu kisichowekewa buni.

Basi nikachukua buni moja nikaiweka kando ya zile nyingine.

"Hii ni ya kibanja," nikasema. "Akienda kusoma tena, kibanja kiwe changu."

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye musika, mrithi, na kibanja chenye nyumba ya baba na makaburi ya mababu ni chake hata akiishi ng'ambo. Nilijua nimesema jambo zito, nikalikazia kwa maneno tuliyokuwa tukiyasikia kila mkutano wa kijiji: mmoja akilima na mwingine akila, huo ni unyonyaji. Nilitaka kaka aumie. Nilitaka aombe.

Hakuomba. Alicheka kidogo, akageuka kwa baba yetu.

"Mpe tu, Taata. Mimi kibanja nitakifanyia nini?"

Alisema kama mtu anayegawa koti lililombana. Miaka yote ile nilikionea wivu kibanja kile, kumbe mwenzangu hakukihesabu kuwa mali. Nilipata nilichotaka na roho ikaniuma kuliko ningenyimwa.

Taata akaokota ile buni yangu, akanipa mbele ya wote, nikaitafuna. Kahawa uliyotafuna mbele ya ukoo huitemi tena.

Nilimsindikiza kaka hadi bandarini Bukoba, nimembebea sanduku na pakiti ya senene aliokaangiwa na Mama. Meli ilipoondoka, yeye alikuwa ameshaegemea ukingo, anazungumza na watu asiowajua na kucheka nao. Nilirudi Izimbya kwa lori la kahawa, nimenuna njia nzima.

Mwaka uliofuata bahati yangu nayo ikaja. Nilichaguliwa kwenda chuo cha ualimu Mwanza kusomea cheti cha daraja la juu, serikali inalipa kila kitu. Mahesabu yangu yalikuwa mafupi: buni moja tu, ya nauli. Nilimkimbilia Taata, nikamkuta amepiga magoti anang'oa magugu kwenye kaburi la babu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinuka.

"Kaka yako alienda kwa sababu wewe umekaa," akasema. "Wewe ukienda, nani atakaa?"

Nikamwambia kaka ndiye mkubwa, arudi.

"Alikupa mbele ya ukoo, nawe ukatafuna. Musika haachi makaburi, mwanangu."

Akanisogezea kisu cha kukatia majani ya migomba, mpini ukiwa upande wangu. Nikakipokea. Nafasi yangu Mwanza alipewa mwalimu wa shule ya jirani, na yule bwana hata leo nikikutana naye njiani namsalimia kwa shida.