Kumchagulia Mama Chumba Melini

Mume wangu ndiye aliyeleta habari ya meli. Alirudi jioni kutoka kwenye foleni ya malori ya mpakani, akanawa uso, akanionyesha simu kabla hata hajaomba chai. Watu fulani wa Kyela walikuwa wameanzisha safari fupi za mapumziko katika Ziwa Nyasa: mnapanda meli, mnalala humo siku mbili, mnazungushwa chini ya milima, mnarudishwa. Picha zilikuwa nzuri mno, na mimi kitu kizuri mno huwa sikiamini. Nauza vitenge hapa Tunduma, najua jinsi picha ya kwenye simu na kitambaa chenyewe mkononi vinavyoweza kukataana.

"Twende na mama," akasema.

Mama anayemsema ni mama yangu mimi. Anaishi Msangano, analima ulezi na mahindi, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya Mto Momba wakati wa masika. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akisema angependa siku moja alale juu ya maji, ajue watu wa ziwani husikia nini wakifumba macho. Sisi watoto tulimcheka. Mimi nilimsimulia mume wangu jambo hilo mwaka ule tulipooana, kama kichekesho tu, halafu nikalisahau. Yeye hakulisahau.

Basi tukaanza kuchagua. Dada wa ofisi ya meli alikuwa na sauti tamu na haraka ya kuuza, nami namjua muuzaji nikimsikia. Alitutumia vifurushi vitatu. Cha bei nafuu kilikuwa vyumba vya chini, jirani na injini, vitanda vya kupandana, choo cha wote mwisho wa ujia. Cha kati kilikuwa vyumba vya juu vya watu wawili wawili. Cha tatu walikiita kifurushi cha familia: chumba kimoja kikubwa chenye vitanda vitano, choo humo humo, milo yote, na siku ya pili kupelekwa ufukweni kuchoma samaki.

"Mko wangapi, dada yangu?" akaniuliza.

"Watano. Sisi wawili, mabinti wawili, na mama."

"Basi hiki Mungu aliwaumbia ninyi."

Nikamwambia nitafikiri. Mume wangu hakufikiri. Kesho yake nikiwa dukani nabishana na mteja wa Nakonde, yeye akalipia kifurushi cha familia, akaja kunipa habari huku anachekelea. Ni mtu wa Kondoa, amekulia nyumba ambayo shangazi, bibi, wajukuu na wageni hulala chumba kimoja bila mtu kuona ajabu. Kwake yeye kumweka mama mkwe chumba kimoja na sisi ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizoweza kununua.

Nilikaa juu ya robota la vitenge nikashika kichwa.

Sisi ni Wanamwanga, na kwa ukoo wetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaitani. Wakikutana njiani, mama huingia kwenye mahindi akageuka mgongo mpaka mkwe apite. Siku hizi wapo waliolegeza, hasa mjini, lakini mama yangu hakuwahi kulegea hata kidogo. Binti yangu mkubwa, tangu alipoanza tu kusema, amekuwa simu yao. Mama anakaa jikoni nyuma ya pazia, mume wangu anakaa sebuleni, na mtoto anasimama katikati. "Mwambie baba yako karanga hizi ni zake." Mume wangu keshasikia kila neno, lakini anasubiri mtoto alirudie, ndipo anajibu, "Mwambie bibi nashukuru sana." Wageni wetu wa Kiislamu kutoka kwao Kondoa hudhani ni mchezo wa watoto.

Mama alikuja mwisho wa juma na mfuko wa unga wa ulezi. Nilimwambia habari ya meli nikianzia kwenye mazuri: ziwa, samaki, kulala majini. Uso wake ulifunguka nikamwona alivyokuwa msichana. Akaomba simu aone. Akaishika mbali na macho, akanyoosha kidole kwenye picha ya chumba.

"Hapa analala nani?"

"Sisi sote, mama."

"Sote nani?"

Akanirudishia simu taratibu, akafuta kidole kwenye khanga. "Nendeni tu, mwanangu," akasema. "Mimi nina ulezi wa kupalilia."

Ulezi ulikuwa umeshavunwa na uko ghalani. Unga wake ulikuwa kwenye mfuko pale pale miguuni petu.

Mimi si mtu wa subira. Nilimpigia dada wa meli papo hapo, nikamwambia tubadilishe, atupe vyumba vitatu vya juu. Alikubali, akatuma mchoro wa ghorofa hiyo ili tuchague. Mama aliutazama mchoro kwa makini kuliko nilivyowahi kuutazama mimi ramani yoyote. Vyumba vilikuwa vimepangwa huku na huku, na katikati ujia mwembamba wa kupita mtu mmoja.

"Mimi nikitoka kwenda chooni," akauliza, "naye anarudi. Nani atarudi nyuma?"

"Mama, mtapishana."

"Tutapishana wapi? Hakuna mahindi humu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikampigia tena yule dada. Alifikiri, akasema basi bibi alale chini na mjukuu mmoja, sisi tulale juu, na chakula bibi aletewe chumbani. Kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa na akili. Lakini mume wangu, aliyekuwa akisikiliza upande wake wa pazia, akamwita binti yetu.

"Mwambie bibi yako hatalala na injini. Sikuchukua safari hii ili nimweke mama chini kama mzigo."

Mtoto akageuka, akaanza kurudia. Mama akajibu kabla hajamaliza. "Mwambie baba yako injini hainidhuru. Mimi nimelala na mbuzi."

"Mwambie bibi mbuzi hawapigi kelele usiku kucha."

"Mwambie baba yako hajawahi kulala na mbuzi."

Pale uvumilivu wangu ulikatika. Nikasimama, nikasema nyote wawili mko ndani ya nyumba moja, mnasikiana mpaka mnavyopumua, na mnamchosha mtoto wa watu kwa ajili ya kipande cha pazia nilichokishona mwenyewe. Mwaka wa ngapi huu? Mtaogopana mpaka lini? Nikamwambia mama kwa Kinamwanga maneno mengine ambayo binti hakuwa na kazi ya kuyatafsiri.

Kisha mume wangu akasema, na safari hii hakumtuma mtoto, alisema na mimi tu, kwa sauti ya chini. "Muache. Mimi si wa kwao, na dini yangu si yake. Nimeelewa siku nyingi. Nendeni ninyi wanawake, mimi nitabaki na magari."

Sikujua kwamba alikuwa amebeba jambo hilo. Miaka yote ile nilidhani anaichukulia mila yetu kama hali ya hewa ya Tunduma, baridi ipo na mtu huvaa koti. Nilimhurumia mpaka hasira ikanitoka.

Nyuma ya pazia mama alisogeza kigoda. "Mjukuu wangu," akaita, ingawa mtoto alikuwa palepale ubavuni mwake. "Mwambie baba yako hivi, na usipunguze. Mimi ni mjane. Alipokuja kuoa sikuwa na ng'ombe wa kumpa, wala shamba, wala jina kubwa. Nilikuwa na heshima peke yake. Basi nikampa yote. Wapo wakwe niliowaona wanakaa na mama wakwe zao sebuleni, na kesho wanatukanana. Mimi mkwe wangu sijawahi kumkosea hata neno moja. Mwambie kama ningekuwa simtaki, ningekuwa namtazama usoni siku nyingi."

Binti yangu alitokeza kwenye pazia akafungua mdomo. Baba yake akamwinulia mkono aache. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Asubuhi mama akaondoka mapema kurudi Msangano, na mimi nikaamini safari imekufa. Dada wa meli alipopiga kuuliza tumeamua vyumba gani, nilimwomba atusubiri siku mbili tatu, nikijua namdanganya. Mume wangu naye akawa hataki tena kuitazama ile simu.

Kisha akanipigia baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, ambaye huwa hapigi ila kwa msiba au kesi.

"Mlete mkwe wetu," akasema. "Mama yako amekuja kwangu."

"Amefanya nini, baba?"

"Nimesema mlete. Na wewe uje umefunga mdomo, nimesikia ulivyoufungua huko mjini."

Njia ya Msangano ilitutikisa kila kiungo, sisi na mabinti. Mume wangu aliendesha amevaa kanzu yake ya Idi, kwa kuwa hakujua kama anaitwa kuhukumiwa au kuagwa. Mimi nilikuwa nimeanza kukisia, lakini sikuthubutu kutamka. Kwetu heshima ile haiondoki yenyewe hata ikipita miaka mingapi. Lazima iondolewe. Ukoo wa mke humwita mkwe, mama mkwe humpikia na kumwandalia kwa mkono wake, wazee wakishuhudia, na kuanzia hapo anakuwa mtoto wa nyumbani. Ilikuwa kazi ya baba kumwita, na baba alifariki kabla ya wakati wake. Mwanamke hawezi kujianzia. Mama alikuwa ameweka chini aibu yake akaenda kumwomba shemeji yake aite badala ya ndugu yake.

Tulipofika, baba mkubwa alitoka na jogoo kwapani na kisu. Akampa mume wangu. "Mama yako amesema uchinje mwenyewe, ili ule bila wasiwasi," akasema. Sufuria lililokuwa mekoni lilikuwa jipya, karatasi yake ya dukani ilikuwa bado imeganda ubavuni.

Nilipewa kazi ya kumenya vitunguu na nikafunga mdomo kama nilivyoagizwa. Ugali wa ulezi ukasongwa. Wanaume wakaketi mkekani, mume wangu katikati, akiangalia chini kwa mazoea. Halafu mama akatoka jikoni na birika na beseni. Alitembea polepole kuliko umri wake. Birika lilikuwa likigonga ukingo wa beseni.

Akapiga magoti mbele yake. Mume wangu akanyoosha mikono, mama akaimiminia maji, na wala hakuna aliyeinua macho mpaka maji yakaisha. Kisha mama akainua yake. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayelinganisha sura na sauti anayoijua siku nyingi.

"Kula, mwanangu," akasema.

Mume wangu akamega tonge. Machozi yalimtiririka kwenye ndevu, akala hivyo hivyo, na baba mkubwa akaanza kuzungumzia bei ya mahindi kwa sauti kubwa ili kumsitiri. Mimi nilirudi jikoni kulia kwa vitunguu vilivyokwisha pikwa zamani.

Baada ya vyombo kuondolewa alitoa simu mfukoni. Nikadhani ataniita mimi, na binti yetu alikuwa tayari amesogea kwenye nafasi yake ya katikati. Hakutuita. Aligeuka upande wa mama.

"Mama," akasema, "wale watu wanasubiri. Nikukatie chumba gani?"

Mama akajibu bila kumtazama mjukuu wala mimi.

"Kile cha wote. Ila wewe ulale karibu yangu, mwanangu. Mimi maji nayaogopa sana."