Vinkubala Vitatu vya Babu

Babu yangu hakuwahi kumshukuru Mungu kwa chakula ambacho hajakionja. Sisi wengine tulikaa tukitazama sinia, mikono imeoshwa na mate yamejaa, huku yeye akimega tonge la kwanza la bukari, ugali wetu. Alilichovya kwenye mboga, akatafuna bila haraka yoyote, akameza, ndipo akafumba macho. "Mungu, asante. Leo chumvi imefika." Siku ambayo sombe, mboga ya majani ya muhogo, imeungua alisema ukweli pia: "Mungu, asante. Imeungua, lakini njaa iko." Amina, na mikono yote ikaingia.

Kaku, yaani bibi yangu, alimgombeza kila siku kwamba anazungumza na Mungu mdomo umejaa. Na kila siku alikaa karibu naye kabisa, akimtazama taya, akisubiri chumvi yake ipewe maksi.

Babu alipokufa, sala yetu ikawa kama ya nyumba zingine za mtaa wetu wa Kampemba: Mama anaomba kwanza, maneno yale yale, halafu tunakula. Na Kaku akaacha chumvi.

Aliacha chumvi, mafuta, nyanya, sukari ya chai. Alikula bukari na majani ya lengalenga ya kuchemsha kwenye kisahani chake cha plastiki, kando. Aliacha kiti chenye mto akahamia kwenye kigoda. Aliacha hata mafuta ya kupaka, ngozi yake ikabaki na vumbi jeupe kama ubao wa darasa letu baada ya kufutwa na mvivu. Alisema vitu vya mwili anamwachia Bwana. Watu wa kanisa walimsifu sana. Mimi nilimwambia Bwana amekwisha kupokea chumvi ya kutosha kufungua duka. Zamani utani kama huo ungenipatia kicheko kwanza, halafu ndala ya mgongo. Safari hii sikupata hata ndala.

Shida nyingine ni kwamba aliendelea kutupikia, na alikataa kuonja. Mpishi asiyeonja! Leo mboga ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo, kesho kama amepindua pakiti nzima. Mdogo wangu alikuwa anakuja mezani na kopo lake la maji, tayari. Mama alimeza akasema, "Iko muzuri, Mama," na sisi tukaitikia kama kwaya.

Lakini Kaku alizidi kuisha. Kitenge kilichokuwa kinamzunguka mara moja na nusu kilianza kumzunguka mara mbili na zaidi. Jumamosi moja Mama alikuwa anaanika nguo, akashika blauzi ya Kaku mikononi muda mrefu bila kuitundika. Akaniambia polepole kwamba anaogopa kuchimba kaburi la pili wakati msalaba wa la kwanza haujakauka rangi. Alikuwa amejaribu kumbembeleza, amelia mbele yake, ameshindwa. "We mwenye mudomo," akasema, "mufanye akule."

Hakujua anamtuma nani.

Babu alipougua, alikuja kwetu kila asubuhi mama mmoja wa chumba cha maombi, kwa miguu kutoka Naviundu, mwanamke ambaye mwili wake haukuonekana kupata habari za kufunga kwake. Aliamuru nyumba nzima ifunge siku saba ili mgonjwa apone. Mgonjwa mwenyewe angepewa uji mtupu tu. Siku ya tatu nilitoka masomo na vinkubala, viwavi vya kukaanga, mfukoni mwa sketi, nimevifunga kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Vilikuwa vyangu. Nilikuwa nafunga, ndiyo, lakini nilikuwa nafunga mbele ya watu.

Nilipopita karibu na kitanda, Babu akafungua macho. Pua yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kuugua. Akanyoosha mkono. Nikampa. Alikula vitatu, na kwa kuwa meno yalikuwa yamebaki machache, ilikuwa safari ndefu. Alipomeza cha tatu akafumba macho akasali sala yake.

Siku ya tano akafa.

Mimi ni mtu wa kuchekacheka, darasani wananitoa nje karibu kila juma, lakini ile hesabu niliifanya bila kucheka. Nyumba nzima imefunga, mmoja amefungua. Maombi yote yalikuwa yamevujia kwenye mfuko wangu kama maji kwenye bidoni iliyotoboka. Baada ya mazishi, Mama alipouliza juu ya doa la mafuta kwenye sketi, nilisema ni mikate ya kukaanga. Tangu siku hiyo sikumwambia mtu, na kila Kaku aliposukuma sahani yake kando niliona ananilipia kosa langu bila kujua.

Jumamosi ile ile, Mama alipokwenda sokoni, ukafika mfuko kutoka Mitwaba. Mdogo wake Babu analima huko, na kila msimu anatuma vinkubala vilivyokaushwa. Kaku aliuweka ungo magotini, akaanza kuchambua miiba na mchanga bila kuinua kichwa. Nikamwambia mimi nitapika. Akakubali upesi mno. Nikaviosha, nikaviloweka, nikavichemsha, nikakata kitunguu, nikawasha mkaa kwenye mbabula. Mafuta yaliposhika moto ile harufu ikajaa uani, na nikaona Kaku anageuza uso ukutani.

Hapo mdomo wangu ukafanya kazi yake. Nikamkumbusha kwamba Bwana alipofufuka wanafunzi walidhani wanaona mzimu. Angeweza kuwaonyesha muujiza wowote. Akaomba chakula, akala samaki wa kuchoma mbele yao, wakaamini kwamba ni yeye. "Muzimu haukuli, Kaku. Ni we sasa uko unakula sawa muzimu."

Nilitaka acheke. Akaweka ungo chini.

"Aliniomba vinkubala," akasema.

Sikuelewa. Akaendelea akitazama mikono yake. Siku ya pili ya kufunga, muzee alimwomba vinkubala kidogo tu, vyenye chumvi. Yeye akamwambia angoje wamalize siku saba, atampikia sufuria nzima. Babu hakubisha. Miaka yote hiyo pamoja, Kaku akasema, hakuwahi kumnyima mboga, akaja kumnyima ile ya mwisho. "Sasa mi nikule namna gani, mutoto wangu? Kile nilimukatalia, nikitie kwa mudomo wangu?"

Kumbe hakuwa anamtolea Bwana chochote. Alikuwa amejifungia nje ya mlango wa jiko lake mwenyewe, na mimi nilikuwa na ufunguo mfukoni mwa sketi muda wote huo.

Niliogopa. Nilijua nikisema, ama atapona ama atanichukia. Vitunguu vilikuwa vinaungua, nikashusha sufuria nikapiga magoti pale chini, kwenye majivu.

"Kaku, alikula. Mi ndiyo nilimupa. Siku ya tatu. Njo nilivunja maombi, njo maana alikufa."

Kaku akaniinamia kutoka kwenye kigoda.

"Alikula bingapi?"

"Bitatu."

"Bilikuwa na chumvi?"

"Mingi."

"Alisali?"

"Alisali. Alisema, Mungu, asante, leo chumvi imefika, na asante kwa haya meno mawili."

Kaku akashika mdomo. Mabega yakaanza kutetemeka, na sikujua kama ni kilio au kicheko. Nadhani naye hakujua. Akanivuta kichwa changu magotini pake, kwenye kitenge chenye harufu ya mchanga wa Mitwaba. Akaniambia Mungu haui mzee kwa ajili ya wadudu watatu. Akaniambia pia nisimchukie yule mama wa Naviundu, kwa sababu naye alitaka Babu apone, tena alikuja kwa miguu. Halafu akainua kichwa, kama mtu aliyesikia kwamba maneno hayo yanamhusu hata yeye.

Nikarudisha sufuria motoni, nikamwaga vinkubala, nikavigeuza mpaka vikalia. Nikachota vichache kwa mwiko nikampelekea. Sikumwambia ale. Nilimwambia mimi sijui kipimo, na mkubwa wa nyumba ndiye anayeonja.

Alichukua kimoja kwa vidole viwili. Alitafuna kama Babu, bila haraka yoyote. Akameza, akafumba macho.

"Mungu, asante," akasema, akalamba kidole. Tukasubiri, mimi na Mungu. "Asante kwa muzee. Hii inakosa chumvi."

Nikakimbia kuleta pakiti.

Mama aliporudi sokoni alimkuta Kaku kwenye kiti chenye mto, vidole viking'aa mafuta, sufuria kati yetu. Akakaa chini na kikapu bado kimemning'inia mkononi, akanyoosha mkono kwenye sufuria. Kaku akamchapa kofi la vidole.

"Ngoja," akasema. "Mukubwa bado anaonja."