Mchungwa Uliogeuka Mlimau

Kazi iliniingia kwa barua pepe: kitabu cha Kifaransa kuhusu kubebesha miti ya matunda, kigeuzwe kiwe Kiingereza. Niliipokea kwa mbwembwe zote. Kifaransa nilikisoma chuo kikuu, nikakifundisha sekondari mpaka wanafunzi wakanichosha, na sasa ndicho kinachonilisha hapa nyumbani kwangu Mbezi, kompyuta ikiwa juu ya meza ya chakula.

Kubebesha si jambo geni kwetu. Unachukua kijiti cha mti unaozaa vizuri, unakipachika kwenye mche wa mti mwingine wenye mizizi mikaidi, unafunga kwa nailoni, na Mungu akijalia vinashikana. Machungwa mengi tunayokula yamebebwa na mlimau, ila mlaji haoni. Nami nilikuwa nayatoa maneno hayo kwa Mfaransa na kumpelekea Mwingereza, Kiswahili kimekaa nje kibarazani. Hakuna aliyenituma nikikaribishe. Liliniudhi hilo, lakini nani atanilipa kwa kuudhika?

Ukurasa mmoja ulinikwamisha. Mfaransa ana neno gourmand, yaani mlafi, kwa chipukizi lenye nguvu kupita kiasi linalokula chakula cha mti. Kwake ni mlafi tu, liote popote. Mwingereza anataka kujua kwanza limeotea wapi. Likiota juu ya kiungo, pale kijiti kilipopachikwa, lina jina lake, na ni tawi la mti uleule. Likiota chini ya kiungo lina jina jingine, kwa sababu hilo si tawi la mti wako. Ni ule mti wa chini umeamua kujiinukia wenyewe. Usipolikata, kitabu kilisema, litakiua kile ulichobebesha, na utabaki na mti usioupanda.

Hapo nikaacha kuandika. Niliukumbuka mti wa uani kwa mama, Chang'ombe.

Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, na mche ule aliutoa Muheza, ukiwa umeshabebeshwa. Ukakua, ukazaa machungwa ambayo mama aliyagawa mtaa mzima. Wa kwanza kugaiwa alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwalimu wa chekechea, Mkristo wa kutoka bara, aliyekuwa shoga yake mama kuliko ndugu zake wa damu. Sahani zilivuka ule ukuta kila wakati. Pilau ya Idi ilikwenda, mkate wa kumimina wa mama ulikwenda, na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, zilirudi na ndizi, maharage, chochote kilichokuwa jikoni kwake.

Siku moja jirani alisimama chini ya mti ule uliosheheni, akasema kwa sauti, "Jamani, mti huu mzuri, sijapata kuona mti unazaa hivi." Akacheka, akachuma lake, akaenda zake. Hakusema mashallah. Angeijulia wapi? Kwao ukisifu umesifu, yameisha. Lakini kwetu sifa isiyo na mashallah ni jicho, na jicho likishatua, limetua.

Haukupita muda mti ukaanza kukauka kuanzia juu. Kisha ukachipua upya kwa fujo, tukafurahi kwamba umefufuka. Ulipozaa tena, matunda yalikuwa na maganda manene na uchachu wa kukunja uso. Mama alionja moja, akatema, akasema, "Shoga yangu kaniua na jicho lake." Sahani ya mwisho ya jirani, iliyokuja na maharage, aliirudisha tupu, imeoshwa inang'aa. Mtaani kwetu hilo ni tusi lisilohitaji mdomo. Maneno yakazagaa, kama yanavyozagaa. Akina mama wakawa wanawafunika watoto kanga kila jirani alipopita. Mwishowe familia yake ikahama.

Basi nilifunga kompyuta nikaenda Chang'ombe. Nikapiga magoti chini ya mti, mama akiniuliza kama nimedondosha hereni. Kisiki kikavu cha mchungwa kilikuwa palepale, kifupi, ndicho alichozoea kutundikia dekio. Matawi yote mabichi yalikuwa yametoka chini yake, yana miiba ambayo mchungwa wa baba haukuwa nayo. Kwenye kisiki kile gome lilikuwa limebanduliwa kuzunguka shina zima, jambo linaloua kila kilicho juu yake, na niliyajua meno yaliyolibandua. Mwaka ule mti ulipokauka tulikuwa tumenunua mbuzi wa Idi, akafungwa hapo kwa zaidi ya wiki akisubiri siku yake, akatafuna alichokikuta. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilifikiria kunyamaza. Mama ni mtu mzima sasa, anaswali, anasinzia, ana amani yake. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kukaa ndani. Nikamweleza yote, kijiti na mche, juu na chini, na mbuzi. Alibisha kwanza. Akasema vitabu vya Wazungu havijui jicho. Kisha akainama, akakipapasa kile kisiki.

"Mbuzi yule," alisema, "nilimfunga mie."

Kumtafuta jirani haikuwa shida, maana Dar ni kubwa kwa wageni tu. Alikuwa anaishi kwa bintiye, Mbezi Luis, nyuma ya stendi. Kumbe mimi na yeye tulikuwa tunanunua nyanya soko moja, na sikuwahi kujua. Tulipofika alikuwa kakaa kibarazani anachambua mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniinulia macho. Mama yangu akavua viatu, akaketi naye mkekani kana kwamba walikuwa wameachana asubuhi.

"Shoga," alisema, "mti ule aliuua mbuzi wangu."

Jirani aliendelea kuchambua. Ikabidi nieleze mimi, na nilieleza vibaya, kwa maneno yasiyo na makazi katika Kiswahili changu. Mwishowe nikashikanisha vidole viwili kumwonyesha. Aliniomba nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo sikuwa mie," alisema.

"Hukuwa wewe," mama alijibu. "Nisamehe, mwenzangu."

Alisukuma ungo kando. "Mie wakati ule niliwacheka. Nikasema watu wa pwani hawa na mambo yao. Halafu binti yangu akajifungua wa kwanza. Nikampakata, nikasema, jamani, katoto kazuri haka. Hakakufika hata kubatizwa." Alikuwa anazungumza polepole, kama anayewasomea wengine. "Ndo nikakumbuka maneno yako. Nikasema kumbe kweli jicho ninalo. Waliofuata sikuwapakata. Sikuwaangalia sana. Wakija kunionyesha ripoti zao za shule, nawaambia waziweke mezani."

Niliuvuta ungo, nikaendelea kuuchambua mchele mimi.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hatukujua amesimama tangu lini. Aliliweka birika chini sakafuni, taratibu, akamtazama mama yake.

"Mama," alisema, "mie siku zote nilijua huwapendi wanangu."

Ndani kulikuwa na wale watoto, wakubwa sasa, wanabishana juu ya rimoti ya televisheni. Mama yangu akaanza kulia kwa sauti, na aliyemshika mkono kumbembeleza alikuwa jirani.